Si Kila Namba Hujumlishwa: Vigeu katika Daftari la Viatu

Kila ninapoanza kufundisha utangulizi wa takwimu za biashara kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mada ya aina za vigeu huonekana nyepesi mno, hata wengi huikariri kwa usiku mmoja na kuisahau kabla ya mtihani. Nami niliifundisha hivyo kwa muda, hadi siku nilipokaa na daftari la mauzo la mama yangu mdogo, anayeuza viatu vya mitumba Karume, Dar es Salaam. Alitaka kujua viatu vipi vinatoka haraka na vipi vinadoda, ili ajue achague nini belo linapofunguliwa.

Daftari lile lina safu wima saba, na kila mstari ni jozi moja iliyouzwa: tarehe, saa, namba ya kiatu, gredi, bei, njia ya malipo, na namba ya simu ya mteja, ambayo mama mdogo huichukua ili ampigie mzigo mpya ukiingia. Kila safu ni kigeu, yaani jambo linaloweza kubadilika kutoka jozi moja hadi nyingine. Karibu zote zimeandikwa kwa tarakimu, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea, kwa sababu anayeona tarakimu hudhani ameona kiasi.

Namba ya simu ni mfano ulio wazi. Ukijumlisha namba za wateja kumi na kugawanya kwa kumi, utapata namba isiyomhusu yeyote kati yao. Kazi yake ni kutofautisha mtu na mtu, kama lifanyavyo jina. Njia ya malipo nayo ni kigeu cha sifa, yaani kinachotaja kundi wala si kiasi, ila udanganyifu wake umejificha zaidi. Nilipoyahamishia mauzo ya wiki moja kwenye lahajedwali, niliandika 1 kwa taslimu, 2 kwa malipo ya simu na 3 kwa mkopo, kisha kwa mazoea nikaomba wastani wa safu zote. Kompyuta ikanipa 1.6 bila kusita. Jibu hilo halina maana yoyote, kwa kuwa ningeweza kuanza na mkopo badala ya taslimu na wastani ungekuwa mwingine kabisa, ilhali biashara ni ileile. Kwa kigeu cha namna hii tunahesabu ni mara ngapi kila kundi limetokea, tunatafuta asilimia, na tunachora grafu ya mihimili.

Gredi ya kiatu inapanda ngazi moja. Gredi ya kwanza ni bora kuliko ya pili, na ya pili ni bora kuliko ya tatu. Mpangilio upo, lakini umbali kati ya ngazi haujulikani. Kwa wanafunzi wa Tanzania hutumia mfano ambao kila mmoja wao ameuishi, wa madaraja ya mtihani wa kidato cha nne. Daraja la kwanza huchukua alama 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, na la nne 26 hadi 33. Tazama upana wake: daraja la kwanza limebeba alama 11 tofauti, la pili 4 tu, na la nne 8. Mtu akisema wastani wa darasa ni daraja la 2.4, amechukulia kwamba ngazi zote zina kimo kimoja, jambo ambalo si kweli. Hoja hiyohiyo inagusa zile dodoso za kuridhika kwa mteja zenye alama 1 hadi 5. Ofisi nyingi hutoa wastani wake bila wasiwasi. Mimi naona ni salama zaidi kuonyesha ni wateja wangapi walichagua kila jibu.

Mgawanyo huu wa ngazi nne, yaani kipimo cha majina (kama njia ya malipo), cha mpangilio (kama gredi), cha vipindi na cha uwiano, aliuandika mwanasaikolojia wa Marekani, Stanley Smith Stevens, katika jarida la Science mwaka 1946. Vitabu vingi hufafanua kipimo cha vipindi kwa nyuzi za joto, lakini sisi tunaosema Kiswahili tuna mfano ulio karibu zaidi, nao niliukuta katika safu ya pili ya daftari.

Mama mdogo alikuwa ameandika kwamba jozi fulani ililipiwa saa 4. Ujumbe wa malipo kwenye simu yake ulionyesha 10:00. Nilipomwonyesha, akanijibu, "Mwanangu, saa nne asubuhi ndiyo hiyohiyo." Ni kweli, ni hiyohiyo, na maana yote ya kipimo cha vipindi imo humo. Jozi ya kwanza siku ile iliuzwa saa 2, yaani 8:00 kwa simu. Kwa saa zetu mtu anaweza kudhani kwamba 4 ni mara mbili ya 2. Kwa saa ya simu, 10 ni mara moja na robo ya 8. Uwiano umebadilika, ingawa mauzo hayakubadilika. Kisichobadilika ni tofauti: kwa hesabu zote mbili zimepita saa mbili kamili. Sifuri ya saa imewekwa kwa makubaliano tu, kwa hiyo kutoa kunaruhusiwa, na kusema "mara mbili" hakuruhusiwi.

Bei haina shida hiyo. Shilingi 0 maana yake hakuna fedha, na jozi ya 30,000 kwa hakika ina bei mara mbili ya jozi ya 15,000. Hicho ni kipimo cha uwiano. Hapo pia huja tofauti kati ya vigeu vya kuhesabika na vya kupimika: idadi ya jozi huhesabiwa moja moja, wala hakuna jozi mbili na robo, lakini uzito wa belo unaweza kuangukia popote kati ya kilo mbili zinazofuatana.

Safu iliyonichelewesha zaidi ni namba ya kiatu. Katika mfumo wa Ulaya, namba moja ni thuluthi mbili za sentimita za urefu wa kalibu, yaani umbo linalotengenezewa kiatu, kwa hiyo ni kipimo halisi na kinakubali wastani. Asubuhi moja ziliuzwa 39, 40, 40, 44, 44 na 44, na wastani wake ni 41.8. Hesabu ni sahihi, lakini mama mdogo angeitumia kuchagua mzigo angejaza meza namba 42, ambayo hakuna aliyeinunua. Kwa swali lake, namba ya kiatu ilipaswa kushughulikiwa kama kundi, na jibu ni modi, yaani namba iliyojitokeza mara nyingi zaidi, ambayo ni 44. Tangu hapo siwaulizi wanafunzi kigeu hiki ni cha aina gani bila kuwaambia pia nani anakihitaji na kwa uamuzi upi.

Ndipo tukarudi kwenye namba za simu. Hazijumlishwi, lakini tuliweza kuhesabu kila moja imejitokeza mara ngapi, tukaandika safu ya nane: idadi ya manunuzi ya kila mteja. Safu hiyo ni ya kuhesabika, sifuri yake ni ya kweli, na mteja wa mara sita hakika amenunua mara mbili ya mteja wa mara tatu. Belo lililofuata lilipofunguliwa, mama mdogo alianza kupiga simu kutoka juu ya safu hiyo.