Ndoo ya saba

Mzee alinikataza mara tatu, na mara zote tatu nilimjibu "ndiyo, baba." Mkono hauingii ndani ya ndoo. Unatazama kwanza, unapekua majani kwa kijiti, halafu unamwita mkubwa.

Mwaka ulikuwa 1998, mwaka wa zile mvua za El Niño, na barabara ya kutoka Muheza kupanda Amani, kwenye milima ya Usambara, ilikuwa tope tupu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu yalikuwa ya kumrudisha mtu kwa mama yake kuchuma iliki. Ndipo wakaja watafiti wa wanyama wa msituni wakitafuta vijana wa kubeba mizigo. Mama nilimwambia tunakwenda kuhesabu vyura. Ni kweli tulihesabu vyura. Hayo mengine sikuyataja.

Kazi yenyewe ilikuwa kufukia ndoo za plastiki, mdomo ukae sawasawa na ardhi, ndoo 11 kwenye mstari mmoja, na juu yake ukuta mfupi wa nailoni uliokwenda toka mwanzo hadi mwisho wa mstari. Kiumbe anayetembea usiku anaikuta nailoni, anaifuata ubavuni, anatumbukia. Kukikucha tunapita kuwatoa. Mara nyingi tulipata majongoo, vyura wadogo kama ukucha wa kidole gumba, na mara mojamoja kale kakinyonga ka kwenye majani makavu. Kinyonga huyo Mzee hakumgusa hata siku moja. Nyoka alimshika mkia huku anaongea na watu, lakini kinyonga aliniachia mimi, eti ana mkosi.

Tatizo langu lilianza siku mbili kabla ya asubuhi ya ndoo ya saba. Nyoka wa kijani alidondoka toka tawini, nikatupa gunia la mahema na kukimbia hadi mtoni. Kumbe hana sumu ya kumdhuru mtu. Jioni hiyo motoni hapakuwa na hadithi nyingine ila yangu, na mpishi akanipa jina la Mbio za Mwenge.

Basi asubuhi ile, baada ya mvua ya usiku kucha, nilitangulia peke yangu. Hondohondo walikuwa wanapiga kelele juu ya mti wa msambu. Ndoo ya saba ilikuwa na maji kidogo na majani, na katikati yake nyoka mweusi, mwembamba, mrefu kama mwiko wa ugali. Mdomoni alikuwa na kitu nilichodhani ni mnyoo mkubwa, wa rangi ya kijivu kama bluu. Baadaye niliambiwa kwamba si mnyoo bali ni ndugu wa chura asiye na miguu, anayeishi udongoni, na kwamba nyoka huyu anampenda sana.

Nikajisemea, nyoka anayekula minyoo atanifanya nini mimi? Nikaingiza mkono.

Alikuwa laini, baridi, na mpole kupita kiasi. Alikitema chakula chake, akaanza kupenyeza kichwa katikati ya vidole vyangu akitafuta udongo. Sikumwona akifungua kinywa kuniuma. Nilisikia nyayo za Mzee nyuma yangu nikageuka kwa fahari. Hapo ndipo nyoka alipojivimbisha. Magamba yakaachana, na kwenye mwili ule mweusi zikajitokeza pete nyembamba nyeupe, moja baada ya nyingine, kama mtu anachora kwa chaki.

Mzee hakupiga kelele. Alifungua mfuko wa kitambaa, akauinamisha chini ya mkono wangu.

"Mwanangu, legeza vidole. Usimtupe. Mwache ashuke mwenyewe."

Akashuka. Mzee akafunga kamba, akauning'iniza mfuko kwenye ncha ya fimbo, akanipa niubebe hadi kambini bila neno jingine.

Kambini mkuu wa msafara alichungulia, akahesabu magamba, akatamka jina: Elapsoidea nigra. Nyoka wa misitu ya milima yetu hii, akiwa mtoto ana mapingili yanayoonekana wazi, akikua yanafifia hadi anabaki mweusi. Ukoo wake ni ule wa koboko na swila, meno ya sumu yako mbele. Nikauliza dawa yake. Akasema dawa ya nyoka inayoletwa nchini haikutengenezwa kwa ajili ya huyu. Wala hakunigombeza, na hilo ndilo lililonilegeza magoti. Nikakaa juu ya gunia la mchele. Mbio za Mwenge safari hii hakuwa na pa kukimbilia.

Siku hizi nikisoma kwenye simu habari za nyoka marijani wa misitu ya milima ya Costa Rica na Kolombia, wenye pete nyekundu na nyeusi, nao wa ukoo huohuo, wanaojificha chini ya majani na kula viumbe wa udongoni, huwa nauangalia mkono wangu wa kulia. Wale angalau wamevaa rangi za kukuonya. Huyu wetu alisubiri hadi nimemkamata.

Jioni, baada ya kumpima na kumpiga picha, tulimrudisha. Mzee alinitaka mimi mwenyewe niufungue mfuko, hatua chache kutoka mahali pale, na nilifungua kwa kijiti huku nimejinyoosha kama mtu anayechokoa embe. Nyoka aliteleza, akaingia chini ya majani kichwa kwanza, mkia ukafuata taratibu mpaka ukaisha.

Mzee akatoa ugoro, akavuta, akapiga chafya.

"Ilikuwa ndoo ya ngapi?"

"Ya saba, baba."

"Kesho anzia ya nane."