"Mwanangu, Hebu Niangalizie Simu": Siku Moja Kibandani

Saa moja kasoro asubuhi nafungua kibanda. Kiko Ngamiani, Tanga, si mbali na Soko la Mgandini. Watu wananiita wakala, na kweli ukutani pameandikwa kuweka na kutoa pesa. Ila sehemu kubwa ya siku yangu haina kamisheni. Inakwenda kwa wazee wenye simu za kupangusa walizonunuliwa na watoto walioko Dar: mzee kakabidhiwa simu siku ya Idi, kesho yake mtoto kapanda basi karudi zake.

Mpaka saa tatu ni vocha, bando na kuhesabu floti, ile hela ya kuzungushia kazi. Hakuna la kusimulia.

Saa tatu na nusu akaja bibi anayeuza vitumbua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Simu imekufa hii. Siku ya tatu leo haiiti."

Haijafa. Juu ya kioo kuna alama ya ndege, ile inayokata mtandao wote. Nikamwonyesha mahali pa kuizima, halafu nikamwambia aiwashe tena, aizime tena, mara nne. Mimi mikono naiweka nyuma, kidole kinakuwa chake. Nikimfanyia mimi, keshokutwa yupo hapa hapa na ndege yake.

Vijana kwenye foleni huwa wanacheka. Huyu bibi anapiga hesabu ya unga, mafuta na chenji kichwani kuliko wao. Anachoogopa ni kubonyeza vibaya hela ikapotea, na ana haki: kwenye simu yake palikuwa na ujumbe wa juzi, "ile hela tuma kwenye namba hii." Tukaupeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli, kwa kidole chake mwenyewe. "Kumbe na wao wanashtakika!" Kwa furaha akanitajia namba yake ya siri, foleni nzima ikasikia. Tukaibadilisha papo hapo, nami nikageukia ukutani.

Saa tano, babu ambaye simu yake imejaa. Imejazwa na picha za mawaridi za "Ijumaa Karim" kutoka kwa ndugu wote wa Pangani. Hataki kufuta hata moja, maana ni dua. Tulikubaliana tufute za mwaka jana.

Saa sita akaingia mwalimu mstaafu, kanzu imepigwa pasi, bahasha kubwa kwapani. Uhakiki wa pensheni. Siku hizi mstaafu anaweza kujihakiki kwa simu bila kwenda kupanga foleni ofisini, na kwa mtu wa magoti mabovu hiyo ni nafuu kubwa. "Nimefundisha hesabu miaka 34," akaniambia kabla sijauliza kitu, "kwa hiyo nieleze tu, usinifanyie." Sawa, mwalimu. Akaanza na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, tarakimu 20, akizisoma kwa sauti kama anaita mahudhurio. Akakosea ya kumi na saba. Tukaanza upya. Mara ya tatu ikakubali, zikatumwa namba za uthibitisho, lakini zikaenda kwenye laini yake ya zamani. Laini iko kwenye kitochi, simu yake ndogo ya batani. Kitochi kiko nyumbani, Pongwe.

Akampigia mkewe. Mkewe akaenda kutafuta miwani, tunasikia milango tu. Aliporudi akatusomea tangazo la bando. "Siyo huo, mama, wa chini yake." Alipoupata, muda wa zile namba ulikuwa umekwisha. Tukaomba nyingine, akasoma tarakimu nne, ziko sita. Huku nje mteja wa kutoa pesa akachoka kusubiri akavuka barabara kwa wakala mwenzangu.

Ikabaki picha ya uso. Simu inataka ageuze kichwa, yeye anageuka mwili mzima pamoja na simu. Kibandani giza, tukatoka nje, jua likawaka kwenye miwani yake. Vua miwani, mwalimu. Akivua haoni simu inamwambia nini. Basi nikawa msomaji: kushoto, katikati, fumba, fumbua. Mtandao ukakata. Kuna neno lilinifika mdomoni hapo, nikalimeza na maji ya moto ya kwenye chupa.

Ilipokubali ni saa nane kasoro. Hakuondoka. Akatoa daftari, akaandika hatua zote kwa mwandiko wa ubaoni, akanipa nisahihishe. Nilimkuta na kosa moja. Hakupenda.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Mama mmoja alitaka maandishi yakuzwe, mwingine kuna mtu anamwandikia mambo ya mapenzi kutoka namba ya nje na anataka kujua kama ni kweli. Mwingine tulibonyeza *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, tukakuta moja asiyoijua. Chakula nilikula wakati wa alasiri, wali umeshaganda. Hela niliyoingiza leo sitaiandika hapa.

Usiku nimejinyoosha, simu ikaita. Mama, kutoka Muheza, kwa video. Naona giza, kisha hereni.

"Mama, toa simu sikioni, nikuone."

"Nikiitoa nitakusikiaje?"