Kumbe si jongo!

Leo nimetoka kliniki hapa Jinja nikicheka peke yangu kwenye boda.

Wiki tatu nachechemea, kisigino kinauma. Sokoni kila mtu ana jibu lake: "Hiyo ni jongo, punguza nyama." Shangazi yangu wa Iganga yeye akasema funza, tena akataka kuja na sindano kabisa! (Huku Busoga funza tunawajua, simlaumu.)

Daktari hakuanza kwa kushika mguu. Aliuliza tu: "Mama, inauma zaidi saa ngapi?"

Nikishuka kitandani.
Ile hatua ya kwanza.
Kama nimekanyaga msumari.

Nikifika bombani inapungua. Jioni, baada ya kusimama kutwa kwenye meza ya nyanya, inarudi.

Ndipo akabonyeza chini ya kisigino, upande wa ndani. Nilipiga kelele, foleni nzima ikanyamaza 😂

Jongo, akasema, huja ghafla, mara nyingi usiku. Shina la kidole gumba cha mguu huvimba na kuwaka moto, hata shuka likigusa ni kilio. Funza naye angeacha kivimbe chenye kidoa cheusi. Changu ni ule utando mnene wa unyayo, unaotoka kisigino kwenda vidoleni. Umechoka.

Nimeambiwa ninyooshe unyayo kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani. Na niachane na ndala bapa.

Ndala zangu! Miaka minne tuko pamoja, zimeshachukua umbo la mguu wangu.

Nani mwingine kapitia hii? Mlivaa nini sokoni?