Kutenga kidakio cha Mto Msimbazi kwa R na WhiteboxTools

WhiteboxTools ni programu huria ya kuchambua ramani, iliyoanzishwa na John Lindsay wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, na kuandikwa kwa lugha ya Rust. Ina zana zaidi ya 400, zote za kuendeshwa kwa amri za maandishi. Mimi huiendesha nikiwa ndani ya R, lugha ya programu ya kuchambua takwimu, kwa kifurushi kiitwacho whitebox, maana takwimu zangu nyingine zimo humo humo. Kifurushi hicho chenyewe hakipigi hesabu yoyote. Ni tarishi tu: kinachukua majina ya faili uliyompa, kinaunda amri, kinaiita programu, kisha kinarudi na jibu kama imemaliza au imekwama. Ukilishika hilo, matatizo mengi unayatambua chanzo chake mapema. Rasta (ramani ya seli zenye namba) uliyoifungua kwa terra, kifurushi cha R cha kushughulikia ramani, na kuibadilisha ndani ya R haionekani kwa WhiteboxTools mpaka uihifadhi kwenye diski.

Kwa hiyo kuna usakinishaji wa aina mbili. `install.packages("whitebox")` inaleta tarishi, na `whitebox::install_whitebox()` inaleta programu yenyewe. Hatua ya pili ndiyo inayosumbua penye intaneti ya kusuasua, kwa sababu R hukata upakuaji baada ya sekunde 60. Naanza na `options(timeout = 900)`. Ikigoma bado, napakua faili la zip kwa kivinjari, nalifungua, kisha naelekeza kwa `wbt_init(exe_path = ...)`. Kwenye Linux usisahau kulipa faili hilo ruhusa ya kuendeshwa kwa `chmod +x`.

Mfano nitakaoufuata ni Mto Msimbazi, unaoanzia vilima vya Pugu na kumwaga maji baharini karibu na daraja la Salender, Dar es Salaam. Kigae cha SRTM, data ya mwinuko wa ardhi iliyopimwa kwa rada, chenye jina S07E039 kinabeba kidakio (eneo lote ambalo maji yake huingia mtoni) karibu chote. Kabla ya WhiteboxTools kugusa chochote, naandaa ramani ya mwinuko kwa terra. Bahari naifanya kuwa tupu, yaani seli zote zenye mwinuko wa sifuri kushuka chini, ili maji yapate ukingo wa kutokea. Angalia ramani baada ya hapo: ukiona matundu nchi kavu, yazibe, kwa sababu maji yakifika kwenye tundu huishia hapo na sehemu ya juu ya mto inakatika.

Kisha naibadilisha kwenda EPSG:32737, yaani UTM kanda ya 37 kusini, mfumo wa viwianishi unaopima kwa mita badala ya digrii, kwa seli za mita 30 na mbinu ya `bilinear`. Mbinu ya jirani wa karibu huacha mistari mistari kwenye mwinuko, na mistari hiyo baadaye inageuka kuwa vijito vya uongo. Wakati wa kuhifadhi naandika `NAflag = -9999`, ili programu zote mbili zikubaliane kipi ni tupu.

Kazi yenyewe ni mistari michache (`mdomo.shp` ni faili la nukta niliyoweka mdomoni mwa mto, na `ptr.tif` ni faili la mielekeo ya maji kutoka seli hadi seli):

```
p <- function(f) file.path("D:/msimbazi", f)
wbt_breach_depressions_least_cost(p("dem.tif"), p("dem_b.tif"), dist = 50, fill = TRUE)
wbt_d8_pointer(p("dem_b.tif"), p("ptr.tif"))
wbt_d8_flow_accumulation(p("dem_b.tif"), p("acc.tif"))
wbt_extract_streams(p("acc.tif"), p("mito.tif"), threshold = 1111)
wbt_jenson_snap_pour_points(p("mdomo.shp"), p("mito.tif"), p("mdomo2.shp"), snap_dist = 300)
wbt_watershed(p("ptr.tif"), p("mdomo2.shp"), p("kidakio.tif"))
```

Ile `p` ya juu haipo kwa urembo. Natoa njia kamili ya kila faili kwa sababu folda ambayo R inafanyia kazi si lazima iwe ndiyo folda ambayo WhiteboxTools inatafutia.

Mstari wa kwanza ndio unaoamua ubora wa kila kinachofuata. SRTM ilipimwa kwa rada kutoka juu, kwa hiyo inabeba miti, mapaa na matuta ya barabara. Pale Jangwani, Barabara ya Morogoro inakatiza bonde, na kwenye data inaweza kusimama kama ukuta wenye maji nyuma yake. Kuna zana ya kujaza mashimo, `wbt_fill_depressions`, na wengi huikimbilia. Kwenye uwanda kama Jangwani inaacha sakafu bapa, na mto unatoka umenyooka kama uliopigwa rula. Kutoboa ni bora: programu inatafuta njia rahisi ya kupenya kizuizi. `dist` ni idadi ya seli, si mita, hivyo 50 ni kilomita 1.5. Mikoko ya mdomoni nayo huinua ardhi isivyo halali. Ikiwa mto bado unapita pasipo pake, chukua mistari ya mito kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, ambako mradi wa Ramani Huria ulichora mito na mitaro mingi ya Dar, uichonge kwenye ramani ya mwinuko kwa `wbt_fill_burn`.

Namba 1111 haikuokotwa. Seli moja ni mita za mraba 900, kwa hiyo seli 1,111 ni kilomita moja ya mraba: kijito kinahesabiwa kuanzia hapo. Ukitaka hadi mifereji midogo, punguza, lakini kwa data ya mita 30 chini ya 200 utakuwa unachora makosa ya rada.

`snap_dist` iko katika vipimo vya ramani. Ukiacha data kwenye digrii, 300 inasomeka digrii 300, na nukta yako ya mdomo inaweza kurukia mto wowote uliomo kwenye faili. Nukta na rasta lazima ziwe kwenye mfumo mmoja wa viwianishi, WhiteboxTools haikubadilishii.

Mtego mwingine ni faili la mielekeo. Kwa WhiteboxTools, 1 ni kaskazini mashariki na 2 ni mashariki. Kwa ArcGIS, programu nyingine ya ramani, 1 ni mashariki na 2 ni kusini mashariki. Ukileta faili la mielekeo kutoka ArcGIS bila kuandika `esri_pntr = TRUE`, kila seli inageuzwa nyuzi 45, na hakuna onyo lolote litakalotokea.

Kabla ya kurudia kazi nafuta matokeo ya awali. Zana ikikwama, faili la zamani linabaki palepale, nawe unalifungua ukidhani ni jipya. Baada ya kila hatua naweka `file.exists()`.

Mwisho nahesabu seli za kidakio na kuzidisha kwa 0.0009 kupata kilomita za mraba. Kidakio cha Msimbazi kwa kawaida hutajwa kuwa chini kidogo ya 300, yaani seli laki tatu na ushei. Zikitoka seli 12, nukta haijakaa juu ya mto: fungua `mdomo2.shp` juu ya `mito.tif` kwenye QGIS, programu ya kutazama na kuhariri ramani, isogeze nukta kwa mkono hadi kwenye seli ya kijito, kisha rudia mstari wa mwisho pekee.