Kwa Nini Natoza Zaidi Kubandua Stika Kuliko Kuibandika

Mama mmoja mwenye duka Mwanjelwa, ambaye anataka kugeuza duka lake la simu kuwa la vipodozi, aliniita nimwondolee maandishi yote niliyombandikia miaka sita iliyopita: ya mlango wa kioo, ya bango la akriliki (ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo), ya ukuta wa ndani na ya Noah yake. Nilipomtajia bei alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, mbona hata siku ya kubandika hukunitoza hivyo?" Nilimjibu kwamba ni kweli, mama, kwa sababu siku ile stika ilikuwa mpya.

Stika hizi ni plastiki ya PVC, ambayo kiasili ni ngumu, na inayoifanya ilegee hata ifuate umbo la boneti ni kilainishi kinachochanganywa kiwandani. Jua la miaka mingi hukimaliza kilainishi hicho, na sisi tunaoishi Mbeya, juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, tuna jua kali kuliko baridi yetu inavyowadanganya wageni. Stika iliyozeeka hivyo haibanduki kipande kizima; hupasuka vipande vidogo kama jani kavu la mhindi, na kila kipande hudai kucha yake. Baridi ya Juni na Julai huzidisha ukavu huo, ndiyo maana miezi hiyo sishiki kazi ya nje kabla ya saa tano asubuhi.

Dawa yake ni joto. Natumia kikausha nywele cha saluni, nikikipitisha huku na huku bila kukisimamisha mahali pamoja, mpaka stika iwe na joto ambalo kiganja kinalihisi lakini hakilikimbii. Hapo nainua pembe moja, naikunja kuelekea nyuma na kuivuta polepole, nikiendelea kupasha sehemu iliyo mbele ya mkono. Anayevuta kwa pupa hubaki na gundi yote juu ya bodi, na gundi ndiyo kazi ya pili, ambayo mara nyingi huwa ndefu kuliko ya kwanza.

Kioo ndicho chepesi kuliko vyote. Ninakilowesha kwa maji ya sabuni na kukwangua kwa wembe nilioulaza, nikiwa mwangalifu tu nisikipige joto la ghafla asubuhi ya baridi, kwa maana kinaweza kupasuka. Kioo cha nyuma cha gari, hata hivyo, ni habari nyingine, kwa kuwa upande wake wa ndani una mistari myembamba inayopitisha umeme wa kuondoa ukungu. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilikwangua stika iliyobandikwa kwa ndani, nikakata mistari miwili, na mwenye gari aligundua siku ya kwanza ya mvua.

Kwenye bodi ya gari wembe haugusi kabisa; natumia kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Gundi inayobaki naifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha naosha kwa sabuni. Wengi hukimbilia thina kwa sababu inafanya kazi haraka, nami sibishani nao ikiwa rangi ni ya kiwandani, lakini rangi iliyopigwa gereji mara nyingi huyeyuka pamoja na gundi, kwa hiyo ni vyema kujaribu kwanza mahali pasipoonekana, kama ukingo wa ndani wa mlango. Rangi ya kurudiwa ambayo haikushika vizuri inaweza hata kung'oka na stika yenyewe, jambo ambalo namweleza mteja kabla ya kuanza, si baada. Na hata kazi ikienda sawa, maandishi hubaki yakisomeka kama kivuli, kwani rangi iliyokuwa chini ya stika haikupauka pamoja na nyingine. Kung'arisha bodi hupunguza tofauti hiyo, wala sijawahi kuahidi kwamba huiondoa.

Bango la akriliki ndilo linaloniogopesha. Thina, petroli na hata spiriti huiachia akriliki nyufa ndogo ndogo zisizofutika, wembe huichora, na joto likizidi hujikunja. Hapo nalainisha gundi kwa mafuta ya kula, naiacha kwa nusu saa, naisugua kwa kidole na kumalizia na sabuni ya vyombo.

Jambo moja ninalowasisitizia vijana wanaonisaidia ni kwamba petroli haikai karibu na kikausha nywele, na mabaki ya stika hayachomwi uani, kwa sababu moshi wa PVC hubeba gesi ya asidi inayobana kifua.

Kuhusu ukuta sikuwa na maneno mengi. Rangi ya maji juu ya plasta hutoka na stika karibu kila mara, kwa hiyo bei yangu ilijumuisha kupaka upya. Mama alikubali mlango, bango na gari. Ukutani aliamua kutundika kalenda kubwa juu ya maandishi, na kwa ukuta ule hata mimi ningefanya hivyo.