Msamba Mara Mbili kwa Usiku

Watu wengi wakitajiwa kankani, ile ngoma ya Kifaransa, hufikiria magagulo yanayorushwa na miguu inayopaa, lakini mimi hufikiria magoti.

Kikundi cha Doris Girls kilianza mwaka 1957 katika ukumbi wa Moulin Rouge, Paris, wakati Doris Haug, mchezaji kutoka Ujerumani, alipokusanya wasichana wanne. Siku hizi jukwaa hilo lina wachezaji wapatao 60, wanawake kwa wanaume, na mwanamke hapokelewi akiwa na urefu unaopungua mita 1.75. Onyesho huanza saa tatu usiku na kurudiwa saa tano, siku zote za mwaka. Onyesho hilo, Féerie, lililozinduliwa mwaka 1999, limedumu kiasi kwamba limepata wachezaji ambao hawakuwa wamezaliwa lilipoanza.

Katika dakika chache za kankani, mchezaji hurusha teke kupita kichwa, hushika kifundo cha mguu aliouinua huku akizunguka kwa mguu mmoja, hupinduka kama gurudumu, kisha huruka na kutua sakafuni kwa msamba, akipiga mayowe na kutabasamu kana kwamba hakuna kinachouma. Niliwahi kucheza ngoma ya harusi hadi alfajiri, tena ya kunyatanyata tu, na kesho yake nikashuka ngazi nikiwa nimeshikilia ukuta.

Ukumbi ulipofunguliwa tarehe 6 Oktoba 1889, sifa zilikuwa za mtu mmoja mmoja. Louise Weber, aliyeitwa La Goulue, yaani Mlafi, kwa kuwa alizoea kumaliza vinywaji vya wateja, alichorwa na mchoraji Toulouse-Lautrec katika bango la mwaka 1891. Aliondoka mwaka 1895, akajaribu kazi ya kuchezesha simba, na uzeeni akawa anauza karanga karibu na ukumbi uleule uliomtukuza, hadi alipofariki mwaka 1929. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaolalamika kwamba kikundi kimewafanya wachezaji wafanane: kwa kufanana huko, mmoja akiumia mwenzake hushika nafasi yake, na mstari haukatiki.

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Aprili 2024, mabawa ya kinu chekundu kilicho juu ya ukumbi yalianguka barabarani. Jioni ile onyesho liliendelea kama kawaida. Mabawa mapya yalipozinduliwa mwezi Julai, wachezaji walitoka nje na magagulo yao, wakacheza kankani barabarani, juu ya lami.