Upana mmoja, baiskeli mbili: ulinganisho wa matairi Hell's Gate

Hatimaye ulinganisho wangu wa matairi ya baiskeli, uliokuwa ukinishinda, umekubali. Njia ni ya Naivasha, Kenya: lami ya Moi South Lake Road, kuingia Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate kwa lango la Elsa, changarawe na majivu ya volkano kupita mwamba wa Fischer's Tower, kisha kutokea upande wa mitambo ya umeme wa jotoardhi ya Olkaria na kurudi kwa lami. Baiskeli ni tatu: ya mbio yenye matairi ya upana wa milimita 28, ya changarawe yenye milimita 40, na Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma isiyo na gia, ambayo matairi yake ya inchi 28 kwa 1½ nayo yana upana wa milimita 40. Hiyo ya tatu ndiyo niliyoitaka zaidi, kwa sababu upana ukilingana, tofauti yoyote itakayobaki lazima itoke kwingine.

Kulinganisha upana bila kulinganisha upepo ni kazi bure. Tairi pana likijazwa upepo sawa na jembamba huwa gumu zaidi, na faida yake yote hupotea. Kikwazo kilikuwa vali ya Black Mamba, ile ya zamani yenye kimrija cha mpira kinachofunika tundu. Upepo huingia kwa kukisukuma kimrija hicho na hauwezi kurudi, hivyo geji ya pampu huonyesha nguvu inayohitajika kuifungua vali, wala si upepo uliomo ndani ya tyubu. Nilibadili pampu, nikabadili geji, namba zikaendelea kupingana.

Kilichofungua njia ni kuachana na geji kabisa na kupima mbonyeo wa tairi. Kanuni ya Mmarekani Frank Berto inasema tairi libonyee kwa asilimia 15 ya kimo chake linapobeba uzito, na kimo cha tairi hukaribia upana wake. Kwa milimita 40 hiyo ni milimita 6, na kwa 28 ni takriban 4. Baiskeli ikiwa tupu, napima kimo cha ukingo wa rimu kutoka sakafuni, kisha napanda na kuegemea ukuta kwa kiwiko, na mdogo wangu anapima tena palepale. Rula iwe ya chuma, ambayo sifuri yake huanzia kwenye ncha yenyewe. Rula nyingi za plastiki huacha upenyo kabla ya mstari wa kwanza, na katika kazi ya milimita 6 upenyo huo ni mkubwa. Gurudumu la nyuma hubeba uzito mwingi zaidi, kwa hiyo hupimwa peke yake na kujazwa zaidi. Geji ya pampu ya mguu inayofika PSI 160 (kipimo cha mgandamizo wa upepo) siitaki tena karibu na changarawe, kwani chini ya 40 mshale wake hautofautishi PSI 28 na PSI 33, na hizo tano ndizo zinazoamua kama tairi litashika njia au litarukaruka.

Mbonyeo ulipolingana, matokeo yalitulia. Kwenye lami, 28 na 40 zilikaribiana kuliko nilivyotarajia. Kwenye changarawe iliyojikunja kama bati, 28 ilitikisa mwili mzima na gurudumu la nyuma likawa linateleza kila mlima ulipoanza, ilhali 40 ilipita, pedali zikizunguka bila kukatika. Black Mamba, kwa upana uleule na mbonyeo uleule, bado ilikuwa nzito kuzungusha: kitambaa cha tairi lake ni kinene, hukataa kukunjika, na nguvu ya miguu huishia kuwa joto. Lakini ndani ya majivu laini, pale baiskeli ya changarawe ilipoanza kuyumba mbele, Mamba ilikwenda moja kwa moja, maana magurudumu yake yameachana zaidi, na foko, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, imelala zaidi. Jambo hili linanifurahisha sana, kwa kuwa linathibitisha kwamba upana hausemi kila kitu.

Nilikuwa nimepanga kujaribu rimu ndogo za kipenyo cha milimita 584 na matairi ya upana wa 47. Mpango huo nimeuweka kando, kwa sababu yumbo lile la mbele limenipa wazo jingine: tairi la 45 mbele, 40 libaki nyuma. Nimeshapima foko, na nafasi inatosha.